Boksi Lililogoma Siku za Mvua

Jumatatu, 2 Machi
Daftari hili ni la vipimo. Nimeandika hivyo kwenye jalada ili nisije nikaanza kujazia mambo mengine.

Boksi la gari jeupe la Hiren. Sabufa moja, yaani spika ya besi, ya inchi kumi na mbili. Ujazo lita sitini. Tundu la kutolea hewa, ambalo sisi hapa tunaliita koo, lina upana wa sentimita 40, kimo 5, urefu 75, na limekunjwa kona moja kufuata ukuta wa nyuma. Kwa hesabu ya Nkwabi linatakiwa kupumua vizuri kwenye hezi 34. Tulicheza milio ya kupimia kwenye simu, tukashuka moja moja kutoka 50. Ilipofika 34, sahani ya spika ilitulia kama haifanyi kazi, na upepo wote ukatokea kooni, ukapeperusha vumbi la mbao mpaka mlangoni. Ndivyo inavyotakiwa. Mita ya sauti ndani ya gari: desibeli 137. Mlio umejaa, mzito, mtamu. Jua kali.

Jumanne, 3 Machi
Hiren amepita. Duka lake la redio za magari liko Nyamagana, na maboksi yake tunayatengeneza sisi hapa Buswelu: mimi Sabina kwenye mbao, Nkwabi kwenye nyaya na hesabu. Mwaka wa tisa huu tuko chini ya bati moja. Anasema tarehe 30 Mei kuna mashindano ya magari yenye sauti kubwa, Ilemela, na gari jeupe litaingia.

"Likifanya vizuri, dada Sabina, kazi zangu zote zinakuja kwenu," alisema. "Likiniaibisha, naagiza maboksi yaliyotengenezwa tayari kutoka Dar. Sitaki tulaumiane."

Alhamisi, 5 Machi
Mvua tangu alfajiri. Nimejaribu boksi lilelile, na halilii. Yaani linalia, ila kama mtu anayepiga godoro chumba cha pili. Mita: 137. Sielewi.

Ijumaa, 6 Machi
Mvua. Vilevile.

Jumatatu, 9 Machi
Jua. Boksi limerudi kama siku ya kwanza. Sikugusa hata skrubu moja.

Alhamisi, 12 Machi
Mvua, na boksi limegoma tena. Nadhani nimepata: mbao za MDF zinavuta unyevu, koo linavimba na kubana. Nimepima kwa rula ya chuma, kimo ni sentimita 5 kamili. Labda zinavimba kwa ndani nisikoweza kuona. Nimepaka vanishi mara mbili.

Nkwabi anasema boksi halijabadilika chochote. Nilimuuliza mara mbili amesema nini, kwa sababu siku hizi anaongea kama anaungama.

Jumatano, 18 Machi
Vanishi haikusaidia. Sikio langu la kulia linavuma kama friji. Ni msumeno. La kushoto silitegemei tangu lilipotoka usaha nikiwa darasa la pili.

Jumanne, 24 Machi
Nimekata koo, kutoka 75 hadi 57, lipumue kwenye hezi 38. Nimelisikia afadhali. Nkwabi hakufurahi.

"Sasa linapiga kelele, haligongi," alisema. "Ule uzito wa chini umeuua. Na muziki ukishuka chini ya hapo, angalia sahani inavyorukaruka. Itajikata."

"Mimi nasikia zuri."

"Unasikia zuri?" Alinitazama muda mrefu. Halafu akasema kitu kingine nisichokidaka, akarudi kwenye nyaya zake.

Nimemtumia fundi huyu miaka tisa kama masikio ya pili. Sijui ni lini alianza kuwa mpinzani wangu.

Ijumaa, 27 Machi
Manyunyu. Boksi limegoma hata na koo fupi.

Jumanne, 7 Aprili
Nataka kuyaandika haya yote kwa utaratibu, pengine yatanyooka.

Tulitoka asubuhi na gari jeupe ili tujaribu mahali pasipo na kuta, kwa sababu nilihisi ni karakana yenyewe inayonidanganya. Tukaenda mpaka Kigongo, kule tulikokuwa tukisubiri feri nusu siku, tukavuka daraja, tukasimama upande wa Busisi kando ya barabara. Mawingu yalikuwa mazito juu ya ziwa, lakini mvua bado. Nilikaa kiti cha mbele. Nkwabi alikuwa nyuma na simu.

Nikasema, "Washa."

Nikasubiri. Nikasema tena, "Nkwabi, washa basi."

Kioo cha mbele kilikuwa kinatetemeka. Kifua changu kilikuwa kinagongwa, pale katikati, kama mtu anabisha hodi. Mzee mmoja aliyekuwa anakuja na baiskeli alishuka, akaiachia ikaanguka, akaziba masikio kwa viganja. Mimi nikageuka nyuma kumtazama Nkwabi, na nikaona midomo yake inasema, "Dada, limewaka."

Aliposhusha sauti nilishuka nikamwinulia mzee baiskeli. "Shikamoo baba, samahani sana." Alinijibu kitu. Nilitingisha kichwa tu kama nimeelewa.

Upepo upo, mtikisiko upo, mlio haupo. Nimefikiria njia nzima ya kurudi. Kitu gani kinasukuma hewa bila kutoa mlio? Spika bandia. Sioni jibu lingine. Sahani nzuri ya nje, ndani takataka. Na spika ile aliyeifunga ni Nkwabi, siyo mimi.

Alhamisi, 9 Aprili
Mvua. Nimemkuta Nkwabi anaongea na Hiren mlangoni mwa karakana. Waliponiona walinyamaza.

Jumamosi, 11 Aprili
Nimepita penye cherehani ya Bernadeta, mke wa Nkwabi, aliyepanga chumba cha jirani na karakana yetu. Vitambaa vyake vimepangwa ndani ya katoni ya sabufa, ya inchi kumi na mbili, aina ileile. Sikuuliza kitu. Yeye alinisalimia vizuri na kuniuliza kama naumwa, naonekana nimechoka. Sauti yake naisikia vizuri sana, kila neno. Ni mume wake ndiye anayenong'ona. Na Hiren. Na muuza mbao. Wanaume wa Mwanza nzima wamejifunza kunong'ona mwaka huu.

Jumanne, 14 Aprili
Leo nimefanya jambo ambalo sijui kama lilikuwa la haki au la aibu.

Nilikwenda Nyamagana na gari jeupe, dukani kwa Hiren. Nkwabi alikuwepo anafunga amplifaya kwenye gari la mteja. Walikuwepo wateja wanne au watano, na mama yake Hiren, Bachubai, kwenye kiti chake nyuma ya kaunta. Nikamwamkia, akaitika. Kisha nikasema kwa sauti, watu wote wasikie:

"Hiren, spika ya gari jeupe si ile uliyotuletea. Imebadilishwa. Na aliyeibadilisha yuko hapa."

Nkwabi aliweka bisibisi chini. Nikamwambia hiyo ya kweli iko wapi anajua mwenyewe, na katoni yake nimeiona. Nikasema mwizi. Neno hilo nilisema mara mbili.

Hiren hakubishana. Alifungua buti, akatoa skrubu nane, akainua spika, akaleta karatasi ya mzigo. Namba iliyopigwa kwenye sumaku ilikuwa ileile ya kwenye karatasi. Akanionyesha kwa kidole, tarakimu moja moja.

"Na hiyo katoni," alisema Hiren, na safari hii aliongea kwa nguvu mpaka nikasikia, "nilimpa mimi. Takataka zangu za dukani. Mkewe aliomba pa kuwekea vitambaa."

Nilipaswa kuishia hapo. Sikuishia. Nikasema basi ni amplifaya, au ni mita imechezewa, kwa sababu boksi halilii, na mimi nina masikio. Mteja mmoja akacheka. Nkwabi alikusanya vifaa vyake kimoja kimoja kwenye mfuko, akanikaribia, akasema kitu karibu kabisa na uso wangu. Niliona machozi kabla sijaelewa kwamba anaongea. Sikusikia alichosema. Nikajibu, "Utajua mwenyewe," kwa sababu lilikuwa jibu linaloweza kufaa popote.

Nilipokuwa natoka Bachubai alinishika mkono. Ana kifaa cha kusikilizia nyuma ya sikio, cha rangi ya ngozi.

"Binti," alisema, "kwa nini unaangalia mdomo wangu?"

"Siangalii, mama."

"Unaangalia. Hata mimi nilikuwa naangalia."

Niliona ananidharau mbele za watu, nikautoa mkono wangu. Njiani mvua ilipiga kioo cha gari mpaka nyumbani. Namba ni ileile. Mita inasema 137. Mzee alizibia nini masikio yake kule Busisi? Kama spika ni nzima, na boksi ni zima, na Nkwabi si mwizi, basi ni nini?

Jumatano, 15 Aprili
Nkwabi hakuja.

Alhamisi, 16 Aprili
Hakuja. Bernadeta amefunga dirisha la upande wangu.

Jumatatu, 20 Aprili
Jua. Boksi zuri kabisa, besi inajaa kama maji. Nilikaa ndani ya gari nikalia, na sikujua nalia kwa furaha au kwa hasira.

Jumatano, 22 Aprili
Mvua. Nilikuwa peke yangu. Nikaongeza nguvu ya amplifaya robo, halafu nusu, ili nisikie kilichomo. Kabla sijasikia chochote nilinusa: harufu ile ya vanishi ya waya inapoungua. Moshi mwembamba ulitoka kooni. Sahani ilikuwa imekakamaa. Nimeiunguza spika ya Hiren, na tumebakiza wiki tano.

Nimemwambia kwa ujumbe wa simu. Amejibu: "Ataleta nyingine. Lakini hataifunga mtu mwingine zaidi ya Nkwabi." Nimeusoma mara nyingi. Nadhani alitaka kuandika "nitaleta".

Jumatano, 29 Aprili
Naandika nikiwa nimelala, mistari inapanda.

Asubuhi nilikuwa nakata ubao wa ubavu wa boksi jipya. Mvua ilikuwa inapiga bati. Sikio la kulia lilijaa ghafla, kama mtu ameingiza kidole na kukiacha humo. Kisha karakana ikazunguka. Sisemi kizunguzungu cha njaa, hicho nakijua. Sakafu ilipanda ukutani. Msumeno ulikuwa unazunguka mbele yangu na sikujua ni upande gani wa kuegemea ili niwe mbali nao. Nilinyoosha mkono nishike meza, na nikaona kwa macho yangu mkono unakwenda kwenye meno ya msumeno, na sikuweza kuubadilisha njia.

Umeme ukazimika. Bernadeta alikuwa amesimama mlangoni, ameng'oa plagi. Meno yalikata ncha ya kucha ya kidole cha shahada na ngozi kidogo, basi.

Alisikia msumeno unakwaruza ubao mahali pamoja kwa muda mrefu, akajua kuna tatizo. Mwanamke ambaye nilimwita mume wake mwizi. Alinilaza ubavu juu ya maranda ya mbao, nikatapika, akanishikia kichwa, akatandika khanga yake chini ya shavu langu.

"Usiniangalie hivyo," alisema. "Nimekuja kwa sababu ya msumeno. Hayo mengine bado."

Baadaye dunia ilipotulia kidogo aliuliza, "Unanisikia?"

"Wewe nakusikia."

"Na Nkwabi?"

Nilifumba macho. Akasema, "Alikuwa ananiambia kila siku. Dada Sabina hanisikii. Nikasema anajifanya. Alimuuliza hata Hiren, mama yake alitibiwa wapi."

Kumbe ndilo walilokuwa wanaongea mlangoni.

Jumatatu, 4 Mei
Hospitali. Bernadeta alinisindikiza, hakuongea sana njiani.

Walinifungia kwenye chumba kidogo, wakanivalisha spika ndogo za masikioni, nikaambiwa nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Kazi yangu mwenyewe, nikafikiri, nimekaa upande wa pili. Milio myembamba nilibonyeza vizuri. Kisha ukaja ukimya mrefu, nikadhani wamekwenda kunywa chai. Kumbe walikuwa wanapiga ile mizito.

Daktari ni mama wa makamo, anaongea wazi. Sikio la kushoto limeharibika kutoka utotoni. La kulia, anavyodhani, maji ya ndani yake hujaa na kupungua. Yakijaa, sauti nzito ndizo zinazopotea kwanza, nyembamba zinabaki. Ndiyo maana wanawake nawasikia na wanaume wananong'ona. Ndiyo maana siku nyingine narudi kuwa mzima.

"Na mvua, dokta? Ni siku za mvua tu."

"Kuhusu mvua sijui. Wako wagonjwa wanaosema hivyo. Siwezi kukuthibitishia."

Nilimwambia ninayo yote kwenye daftari, tarehe na hali ya hewa. Akasoma ukurasa mmoja kwa makini. Akaniuliza 20 Machi ilikuwaje, maana sikuandika. Sikumbuki. Labda mvua ilinyesha na boksi likalia vizuri nikaona si jambo la kuandika.

"Litapona?"

"Litakwenda na kurudi. Nitakupa dawa, punguza chumvi, na kaa mbali na kelele. Unafanya kazi gani?"

Nilipomwambia, Bernadeta alicheka, akajiziba mdomo, nami nikacheka pia, na sijui tulikuwa tunacheka nini.

Jumanne, 5 Mei
Boksi halikuwahi kugoma. Nimeandika hivi ili nione linavyofanana na ukweli. Bado mkono wangu unataka kwenda kupima koo kwa rula.

Jumapili, 10 Mei
Nimekwenda kwa Nkwabi baada ya ibada. Alikuwa uani anatengeneza feni. Bernadeta alileta viti viwili, akabaki amesimama.

Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea. Nikasema, "Nilikuita mwizi, na ni masikio yangu. Nisamehe."

Alizungusha panga la feni kwa kidole. Kisha akageuza kiti chake mpaka tukawa uso kwa uso, akaongea polepole, midomo ikifunguka vizuri. Ni yeye aliyefikiria hivyo, sikumwomba.

"Siku ile dukani, unajua nilikwambia nini?"

"Sikusikia."

"Nilikwambia, dada, twende hospitali, nitakusindikiza. Ukanijibu, utajua mwenyewe."

Nilimtazama midomo ili nisikose neno.

"Ugonjwa nauelewa," aliendelea. "Lakini sikio halikusema mwizi. Mdomo ndio ulisema. Na ulisema mbele za watu. Hapa tuko watatu tu."

"Unataka nifanye nini?"

"Sitaki kitu. Nakwambia tu tuko watatu."

Nilitembea nyumbani nikiwa na hasira naye, halafu na mimi, halafu naye tena.

Jumamosi, 16 Mei
Nilichagua Jumamosi kwa sababu duka la Hiren linajaa. Wateja si walewale, ila mmoja alikuwepo, yule aliyecheka. Nkwabi hakuwa na habari kwamba naenda, alikuwa ndani ya gari chini ya dashibodi, miguu inaonekana tu.

Nikasimama mbele ya kaunta. "Mwezi uliopita nilisema hapa kwamba Nkwabi ameiba spika. Nilisema uongo. Hakuiba kitu. Mimi nilikuwa sisikii besi, na nikaona heri yeye awe mwizi kuliko mimi niwe kiziwi."

Hayo ya mwisho sikuyapanga. Yalipotoka ndipo nilipojua kwamba ni kweli. Maana kule Busisi, mzee alipoziba masikio, kuna mtu ndani yangu alielewa, na mimi nikamfungia mlango.

Bachubai alisukuma kiti kwa mguu, nikae. Miguu chini ya dashibodi haikusogea kwa muda. Kisha sauti ya Nkwabi, ambayo kwa bahati leo niliipata, ikasema: "Koo lirudi 75."

"Litarudi," nikasema.

Alhamisi, 21 Mei
Nimeunda boksi jipya. Lita sitini, koo 75. Nkwabi amefunga spika mpya. Tumekubaliana: mimi nakata na kugundisha, yeye anasikiliza, mita inaandikwa na wote wawili. Wakati wa kupima mimi natoka nje, nimeziba masikio, hadi kwenye ukuta wa jirani. Kuna mambo hatujaongea bado. Ananiita "fundi" sasa, siyo "dada".

Jumatatu, 25 Mei
138. Ndivyo alivyosema. Nimeandika.

Jumamosi, 30 Mei
Uwanja ulijaa magari, milango wazi, buti wazi. Asubuhi ilinyesha kidogo, sasa matope. Sikio limejaa tangu nilipoamka. Nilivaa vifuniko vya masikio juu ya pamba na kusimama mbali, nyuma ya kamba.

Kabla ya zamu yetu Hiren alikuja mbio. Gari la kwanza lilikuwa limewaacha wote mbali, la pili lilikuwa limefika 138, na gari jeupe kwenye kipimo chetu cha mwisho karakanani lilifika hapohapo. Alitaka kuongeza nguvu ya amplifaya. Aliongea na mimi, siyo na Nkwabi, kwa mazoea ya miaka. Nilimsoma midomo.

"Fundi, tuongeze? Unaonaje?"

Watu waliokuwa karibu wakanitazama. Aprili ningesema ongeza. Ningesema nasikia ina nafasi.

"Muulize Nkwabi," nilisema.

Nkwabi aliingia ndani ya gari, akafunga mlango, akawasha na kusikiliza kama dakika moja. Alipotoka alisema kwa Hiren, lakini uso ameuelekeza kwangu: "Nguvu imetosha. Ukiongeza inaungua. Ila kioo cha dereva kinavujisha hewa, kipandisheni vizuri."

Hiren alinitazama tena, akisubiri nipinge. Nilifungua daftari nikaandika mbele yake: imetosha.

Gari likaingia mstarini. Mwamuzi akashusha mkono. Matope miguuni mwangu yalitetemeka, na kwingine kote palikuwa kimya. Sikuangalia ubao wa namba. Nilimwangalia Nkwabi. Alikuwa ameinamisha kichwa, macho amefumba, anasikiliza kwa niaba ya wote wawili, na alikaa hivyo mpaka nikaanza kuogopa. Kisha akafumbua macho, akanitafuta kwenye watu, akatingisha kichwa mara moja kukubali.

Ndipo nikageuka kusoma ubao: 139, nafasi ya pili.